Rimu na matairi ya STI: kwa nini nilibaki na inchi 17 Mombasa

Ukiingia duka la rimu hapa Mombasa ukasema una Subaru, utaulizwa kwanza, "Inchi ngapi?" Mimi ningeanza na mwaka. Impreza WRX STI, lile toleo la Subaru Impreza la mwendo kasi, iliyotoka kabla ya modeli ya 2005 inashika rimu kwa nati tano zilizopangwa kwenye duara la milimita 100. Kuanzia modeli ya 2005 duara hilo lilipanuliwa hadi milimita 114.3. Ukiziegesha zote mbili ubavu kwa ubavu pale Mama Ngina, watu watazipiga picha na wengi hawataona tofauti, lakini rimu ya hii haiingii kwa ile. Na kwa kuwa Forester na Impreza za kawaida zilizojaa mjini ni za 100, nyingi kati ya zile zinazotundikwa ukutani kwa jina la "rimu za Subaru" hazina kazi kwako ukiwa na STI ya miaka hiyo ya baadaye.

Langu ni la 2006. Nilimnunulia jamaa mmoja wa Nyali aliyekuwa anahamia ughaibuni, na sababu niliyompa mke wangu ilikuwa kwamba injini ni nzima na bei ni ya mtu mwenye haraka. Sababu ya kweli ni kwamba nilikuwa kijana Colin McRae aliposhinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, na bado nilikuwa kijana Richard Burns alipofanya vivyo hivyo mwaka 2000. Wakenya wa rika langu hatukuchagua kulipenda gari hili, tulikua nalo tu.

Mashine yenyewe ilikuwa safi. Magurudumu ndiyo yaliyokuwa na hadithi. Mbele kulikuwa na matairi 225/45R17 (upana milimita 225, kimo cha ubavu asilimia 45 ya upana huo, rimu inchi 17) yaliyolika hadi karibu na alama ya kikomo. Nyuma kulikuwa na 235/45R17 mapya, meno bado yana zile nywele za mpira. Kibandiko cha mlangoni kilisema 235/45R17 kote. Aliyeniuzia alikuwa amebadilisha jozi moja moja kadiri mfuko ulivyoruhusu, kama anavyofanya mwenye Probox au Vitz, na wala hapotezi kitu huyo. Kwenye gari hili hesabu ni nyingine.

Dalili ilikuwa kwenye maegesho. Ukikata usukani wote kwa mwendo wa mguu, gari lilikuwa linanguruma chini na kurukaruka kidogo, kana kwamba mtu ameshika breki ya mkono nusu. Jamaa aliniambia ni kawaida ya STI. Si uongo mtupu, maana difu ya mbele ya gari hili, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu, hubana na mtu aliyezoea Corolla atashtuka. Lakini fundi wangu wa Tudor, mzee ambaye gereji nzima twamwita Ami, alizunguka mara moja akishika usukani, akazima injini, akasema, "Kelele hii yataka kupimwa, mwanangu, haitaki kuzoewa."

Akalipeleka gari kwenye saruji iliyo sawa, akaweka usukani wima, akauliza presha. Tukazilinganisha zote nne kwanza, kwa sababu tairi lenye upepo mdogo hujibana na kuwa fupi, na kipimo kingekuwa cha uongo. Kisha akachukua chaki. Akachora mstari kwenye ubavu wa tairi la mbele, pale linapogusa chini, akauendeleza hadi kwenye saruji. Akafanya hivyo kwa la nyuma. Nikasukuma gari polepole hadi kila alama ikarudi chini, naye akaweka alama ya pili kwenye saruji. Tulipima kwa utepe wa fundi cherehani, maana wa chuma alionao umeliwa na kutu hadi namba hazisomeki. Mzunguko mmoja wa tairi la mbele ulikuwa mfupi kuliko wa nyuma kwa sentimita tano hivi. Ami aliweka vidole vitatu kwenye pengo hilo, akaniangalia, akaenda kunawa mikono. Hakuona haja ya kuongeza neno.

Nilikwenda nyumbani nikapiga hesabu kwenye karatasi. Tairi la 235/45R17 likiwa jipya lina kipenyo cha milimita 643 hivi, yaani mzingo wa karibu mita 2.02. Kwa kila kilomita linazunguka mara 495. Lile la mbele, fupi na lililolika, linazunguka mara 508. Tofauti ya mizunguko 13 inaonekana ndogo hadi ukumbuke kwamba kutoka hapa hadi Nairobi ni kilomita 480 na kitu. Magurudumu ya mbele yanafika Nairobi yakiwa yamezunguka zaidi ya mara 6,000 kuliko ya nyuma, na katikati yao kuna difu inayolazimika kumeza tofauti hiyo yote.

Hapo ndipo gari linalosukumwa na magurudumu yote manne linapoachana na mengine. Kwenye gari la kuvuta mbele, ekseli ya nyuma inafuata tu, izunguke inavyotaka. Kwenye STI ekseli mbili zimeunganishwa na difu ya kati. Kazi yake ni kuruhusu tofauti ndogo pale unapokata kona, kwa sababu magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Kona ikiisha, inapumzika. Ukiweka matairi yenye mizingo tofauti, gari linakata kona saa zote hata kwenye barabara nyoofu ya Taru. Difu ya kati ya STI ina klachi ya sumaku ambayo dereva anaweza kuikaza kwa swichi. Ikikazwa, mbele na nyuma lazima zizunguke sawa, na ile tofauti haina pa kwenda isipokuwa kuwa joto ndani ya giaboksi au kuburuza mpira juu ya lami. Kwenye mchanga tairi litateleza kidogo na kujinusuru. Lami kavu ya mchana wa Februari haina huruma hiyo.

Wenye Forester za otomatiki wasidhani wamesalimika. Humo kuna sahani za klachi ndani ya giaboksi zinazopeleka nguvu nyuma, na zikipata moto kila siku huungua. Zile Impreza za turbo zenye gia tano za mkono zina kifaa cha mafuta mazito ya silikoni katikati, nacho kikipikwa muda mrefu hukaza na hakilegei tena.

Mwongozo unaotolewa na Subaru ni kwamba mizingo ya matairi manne isipishane kwa zaidi ya robo inchi, kama milimita 6. Geuza hiyo kuwa meno ya tairi, unapata milimita moja tu ya kulika. Milimita moja! Tairi jipya huwa na meno ya milimita 8 hivi, kwa hiyo hata ukinunua saizi ileile na jina lilelile, tairi moja jipya pamoja na matatu yaliyofika nusu tayari umevuka mpaka. Nilipolielewa hilo niliacha kufikiria jozi. Pesa zingetafutwa za matairi manne, kampuni moja, aina moja, saizi moja, au gari lingekaa.

Basi nikaanza na matairi kabla ya rimu. Wengi wanaanza na rimu kwa sababu ndizo zinazoonekana, kisha tairi linalobaki kununuliwa ni lile linaloingia na pesa iliyosalia. Naona ni kuanza na kofia kabla ya nguo. Tairi ndilo linalogusa barabara, na barabara zetu nazijua: mvua ya Mei ikishuka Bamburi maji yanasimama hadi kwenye vizingiti vya maduka, mchana jua linachoma lami ikang'aa, na njia ya kupanda Kwale kuelekea Shimba Hills ina kona ambazo mtu mwenye STI hawezi kuzipita bila kushawishika.

Nilitembelea kwanza wauza matairi ya mtumba, na sina ugomvi nao. Kuna watu wanapata matairi mazuri huko. Lakini kupata manne yanayofanana ni shughuli. Utapata mawili ya jina moja, la tatu ni saizi ileile ya kampuni nyingine, la nne limefanana ila lina meno nusu. Na kuna mtego mwingine. Mengi yanatoka Japani, na Japani kuna majira ya theluji. Muuzaji mmoja wa Kongowea alinionyesha seti nzima, meno marefu, mpira laini, bei ya kumfanya mtu atoe simu palepale. Nikasoma ubavuni: STUDLESS, na baada ya saizi herufi Q. Hayo ni matairi ya barafu. Q inamaanisha mwisho wake ni kilomita 160 kwa saa, na mpira wake umetengenezwa ubaki laini kwenye baridi kali. Kwa joto letu unayumba kwenye kona na kulika upesi. Nilimwambia yule kijana, naye akacheka, "Kaka, theluji gani Kongowea?" Ndiyo hoja yenyewe, nikamwambia.

Herufi za ubavuni zilinisaidia kuliko maneno ya muuzaji yeyote. Nilitaka W, kilomita 270 kwa saa. Si kwamba nitafika huko, barabara gani hiyo? Ni kwamba tairi la kiwango hicho limejengwa kustahimili joto, na joto ndilo tunalo kwa wingi. Namba iliyo kabla ya herufi ni ya uzito: 94 ni kilo 670 kwa kila tairi, nayo ilinitosha kwa gari lenye abiria na mizigo. Halafu kuna tarehe. Tafuta neno DOT, mwisho wake kuna tarakimu nne. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mara nyingi tarakimu hizo ziko upande mmoja tu wa tairi, na likifungwa zinaangukia ndani, kwa hiyo ukinunua tairi lililokwisha kufungwa itabidi uinamie chini ya gari na tochi ya simu. Tairi laweza kuwa na meno yote na likawa limezeeka ghalani. Mpira hukauka na kupasuka nyufa ndogondogo ubavuni hata kama halijagusa lami. Kampuni nyingi hushauri tairi lisipite miaka 10 hata likionekana zima, na mimi kwa joto hili la pwani sikutaka kukaribia hapo.

Nilinunua mapya manne, 235/45R17, aina yenye mifereji mipana minne ya kutoa maji. Mfuko ulilia.

Yalipovuliwa ya zamani ndipo tukaona kwamba rimu moja imechomelewa kwa ndani, mshono mnene wa fundi wa welding, kisha ukapakwa rangi ya dhahabu juu. Kwa nje hungejua. Rimu ya alumini iliyochomelewa karibu na ukingo sikuwa tayari kuipeleka barabara ya Nairobi. Hivyo nikarudi madukani, safari hii nikiwa na namba zangu kwenye karatasi: nati tano kwenye 114.3, upana inchi 8, ofseti 53, tundu la katikati milimita 56.1.

Ofseti ndiyo watu wanaoidharau. Ni umbali kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaobana kwenye habu, yaani kitovu kinachoishika rimu. Namba kubwa huiingiza rimu ndani, ndogo huitoa nje. Nilionyeshwa rimu nzuri sana za inchi 18, upana 8.5, ofseti 35. Nikapiga hesabu kaunta ileile: mdomo wa nje ungetoka milimita 24 zaidi ya wa kiwandani. Kwa macho ni uzuri, gari linasimama kama limepanua miguu. Kwa beringi ni mzigo unaovutwa kutoka mbali zaidi, na gari likishuka kwenye tuta na abiria nyuma, tairi linakwangua madigadi.

Kisha kuna zile "zinazoingia". Rimu za Toyota nyingi, Harrier na Mark X, nazo ni tano kwenye 114.3, kwa hiyo kweli zinaingia. Tundu lao la katikati ni milimita 60.1, letu 56.1. Pale kwenye milimita nne za pengo, rimu inakaa kwa kubahatisha, na ukifika kasi ya barabara kuu usukani unatetemeka ingawa balansi imefanywa vizuri. Dawa ni pete maalumu za kujaza pengo, na zipo. Nati ndizo zinazoniogopesha zaidi. Uzi wa nati za Subaru ni milimita 12 kwa 1.25 (unene wa boliti, kisha nafasi kati ya nyuzi), wa Toyota ni 12 kwa 1.5. Ukilazimisha ya Toyota kwa bunduki ya upepo, itaingia raundi mbili tatu huku inaumiza uzi wa boliti. Tena rimu nyingi za kiwandani za Toyota zinataka nati yenye kalio bapa, wakati za Subaru zina kalio la koni. Nati ya koni kwenye tundu la kalio bapa inashika kwa mstari mwembamba tu, na mstari huo haukawii kulegea. Na rimu za magari ya Ujerumani za tano kwenye 112, mtu asikudanganye kwamba milimita mbili si kitu.

Breki kubwa za STI, za kampuni ya Brembo, nazo zina masharti yao. Rimu ya 16 usiijaribu, haiingii. Hata za 17 si zote. Vijiti vingine vimepinda kuelekea ndani na vinagusa kaliba, ile sehemu ya breki inayobana diski. Ami aliniambia nisimlipe mtu kabla ya kuivalisha rimu tupu mbele, bila tairi, na kuizungusha kwa mkono. Moja niliyoipenda iligusa. Muuzaji akapendekeza kipande cha kuisogeza nje. Nikamshukuru, nikatoka.

Binamu yangu, anayeishi Mtwapa na ana maoni juu ya kila gari la ukoo, alitaka nipande hadi 19. "STI yenye 17 inaonekana ya mwalimu," alisema. Kwa mzingo hana kosa: 235/35R19 ina kipenyo cha milimita 647, karibu sawa na langu, na 235/40R18 ni 645. Difu haingelalamika. Lakini angalia ubavu. Tairi langu lina milimita 106 za mpira kati ya rimu na shimo. La 18 lina 94. La 19 lina 82. Rimu iliyochomelewa nilikuwa nimeishika mikononi, na ilikuwa ya 17. Mpira huo wa sentimita mbili na zaidi ndio unaokuja kazini pale malori ya Changamwe yanapokubana ukakosa nafasi ya kukwepa shimo. Tena 17 hupatikana kwa bei nafuu zaidi, na tairi likipasuka safarini sitaki kusubiri saizi adimu iletwe kwa basi.

Nilizipata hatimaye za kiwandani, za STI nyingine ya umri kama wa langu, iliyokuwa imegongwa nyuma. Zina chapa ya JWL kwa ndani, alama ya kiwango cha Japani cha rimu za alumini. Chapa peke yake si dhamana, wenye kopi nao wanajua kuichonga, kwa hiyo kila moja tuliizungusha kwenye mashine ya balansi ikiwa tupu na kuangalia kingo. Zote ziliwahi kuishi karibu na bahari: pale tairi linapokalia kulikuwa na unga mweupe wa chumvi na alumini. Ami hakutaka kufunga tairi juu ya unga huo. Alikaa kwenye kistuli na brashi ya waya, akaenda polepole kuzunguka kingo zote nane hadi chuma kikang'aa, kisha msasa laini, kisha kitambaa. Huo unga ndio unaofanya watu wa pwani wajaze upepo kila Ijumaa na kumlaumu mtu wa pancha. Habu nazo alizipiga brashi. Nati alizikaza kwa msalaba, kwanza mkono, kisha spana ya kipimo, gari likiwa limeshuka nusu kwenye jeki. Bunduki ya upepo ilikuwepo, imelala sakafuni.

Nilizikagua tena nati baada ya kwenda Kilifi na kurudi. Mbili zilikubali kusogea kidogo.

Ile kelele ya maegesho imebaki kidogo tu, ile ya kawaida kweli. Sasa kazi ni kuyafanya matairi yazeeke pamoja: nayahamisha ya mbele nyuma na ya nyuma mbele kila kilomita 8,000 hivi, na presha naipima asubuhi gari likiwa baridi. Na mtu akija na gari la kuvuta lile la kuinua magurudumu mawili na kuburuza mengine, namwambia ahsante, nasubiri la kulibeba gari lote mgongoni. Tairi la tano, la aina ileile, nililinunua na kuliweka stoo mbali na jua. Nilijua kwamba kila kilomita inapunguza faida yake, kwa sababu lenyewe haliliki. Juzi msumari ulipoingia ubavuni karibu na feri ya Likoni, yale matatu yalikuwa hayajapoteza hata milimita moja, na likaingia bila swali. Likitokea tena mwakani nitalazimika kununua manne, na binamu tayari ananitumia picha za 18.